Msituamulie tunachoweza kuelewa: jibu la fundi wa Kibuye

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa hapa Kisumu aliandika juzi akitaka jioni za filamu zinazofanyika katika ukumbi wa kijamii mtaani kwetu zikomeshwe, na ukumbi urudi kukodishiwa harusi na mikutano ya vyama. Sababu zake alizitaja bila kuficha: filamu zenyewe hazina mwisho, hazina nyota anayejulikana, nyingine zinasemwa kwa lugha za mbali ambazo hapa hakuna anayezijua, na mwananchi wa kawaida aliyeshinda sokoni tangu alfajiri hana haja ya kwenda kuumizwa kichwa. Mimi ndiye huyo aliyeshinda sokoni tangu alfajiri. Nina kibanda cha ushonaji Kibuye, nashona sare za shule na magauni ya kitenge, na sikumbuki kumtuma mtu yeyote aseme kwa niaba yangu kwamba sielewi.

Nimeipekua barua hiyo nikitafuta jina la filamu hata moja. Halimo.

Sikufika pale kwa kupenda sinema, niliitwa kwa kazi. Vijana wanaoandaa jioni hizo walikuja kibandani na mashuka mawili meupe wakitaka niyaunganishe yawe skrini. Nikawauliza, mshono utapita wapi? Wakasema katikati. Nikawaambia basi kila uso mtakaouonyesha utakuwa na kovu. Tena shuka la kitanda ni jepesi. Ukilimulika, nusu ya mwanga unapenya unaishia ukutani nyuma, na picha inabaki imefifia kama kanga iliyosahauliwa juani msimu mzima.

Tukaenda pamoja kwa muuza mapazia. Kitambaa cha pazia siku hizi kinakuja na upana wa mita 2.8, kwa hiyo ukikilaza, ule upana ndio unakuwa kimo, na huna haja ya kuunga popote. Nilichagua kizito kisichong'aa, maana kinachometameta huirudisha taa ya projekta machoni pa watu. Nyuma nikatia bitana nyeusi ili mwanga usipenye, pembeni nikazungushia ukanda mweusi wa dril, na pindo la chini nikaliacha wazi ncha zote mbili ili wapitishe bomba la plastiki, lile la maji, livute kitambaa kisipepee. Kutoka ukingo mweusi hadi ukingo mweusi ni mita 4.5 kwa 2.5. Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu najua kuna watu watasoma hapa wakiwa Mbale, Bungoma au Nakuru, na wangependa kuanza jioni kama hizi, na jambo la kwanza linalowatisha ni bei ya skrini ya dukani. Tafuteni fundi.

Siku ya kuitundika nilibaki nione kama itajikunja. Ndipo nikaiona Kati Kati. Ni filamu ya Mbithi Masya, Mkenya mwenzetu, ya mwaka 2016, na mwaka huohuo ilipata tuzo ya wakosoaji wa kimataifa kule Toronto. Kabla ya jioni hiyo sikuwahi kuisikia, wala hakuna mtu sokoni aliyewahi kuisikia. Msichana anayeitwa Kaleche anajikuta nyikani, hajui ametoka wapi wala amefikaje, na mbele yake kuna kambi ya kitalii yenye watu wanaomwambia kwamba amekufa, kama wao.

Kijana wa bodaboda aliyekaa nyuma yangu alikuwa akimnong'oneza mwenzake kwamba msichana huyo lazima ametekwa nyara. Mimi nilikuwa nimeshajua kabla hao wa kambini hawajafungua mdomo. Vazi alilovaa ni la hospitali, lile la kufungwa kwa kamba mgongoni. Nimewahi kuyashona kwa oda, na hakuna mtu anayetembea porini na vazi hilo kama mambo yake ni mazuri. Aliyelichagua vazi lile alikuwa anatwambia kitu tangu mwanzo, kimyakimya, na hakuona haja ya kumleta mtu wa kutufafanulia.

Taa zilipowashwa, mwalimu mstaafu wa Fasihi anayetuchagulia filamu hakupanda mbele kutoa somo. Aliuliza swali moja tu: "Mmeona nini?" Nikasema habari ya kamba za mgongoni. Yule wa bodaboda akaruka: "Sasa Mama Fundi, kwa nini hukutuambia mapema?" Watu wakacheka, lakini baada ya hapo kila mmoja alikuwa na lake aliloliona. Wa kuuza simu aliona kwamba kule kambini hakuna anayepigiwa wala anayepiga. Muuguzi mmoja akasema jambo kuhusu namna wafu wale wanavyokumbuka vifo vyao nusunusu, akaapa ndivyo wagonjwa wanaozinduka wanavyozungumza. Tulitoka tukibishana hadi stendi ya tuktuk.

Swali lile la Mwalimu, "mmeona nini", lina historia yake, na jioni nyingine alitusimulia. Serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni mwaka 1939, na aliyekuwa na sauti humo ni William Sellers, bwana afya aliyekuwa amefanya kazi Nigeria. Sellers alikuwa na imani kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata filamu kama wanavyofuata watu wengine. Basi atengenezewe yake: kila picha ikae muda mrefu, kamera isitembeetembee, pasiwe na kuruka kutoka mahali hadi mahali, pasiwe na hila zozote. Kabla yake, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na mradi mwingine uliokuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara kule Tanganyika, uliotengeneza filamu zipatazo 35 za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Filamu hizo zilipakiwa kwenye gari pamoja na mashine ya kuonyeshea zikazungushwa. Wenye umri wangu wanakumbuka vitukuu vya magari hayo: gari la sinema likiingia uwanja wa shule huko Maragoli, kwanza tangazo la sabuni, halafu tangazo la dawa ya ng'ombe, halafu ndipo filamu.

Na kipo kisa cha kuku. Afisa wa afya alitengeneza filamu, ya polepole kabisa, kuonyesha namna ya kuondoa maji yaliyotuama kuzunguka nyumba. Ikaonyeshwa kijijini Afrika. Watazamaji wakaulizwa wameona nini, wakajibu wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kama ina kuku. Wakaipitia kipande kwa kipande, na kweli, kwa kama sekunde moja, kuku anapita pembeni. Mwingereza mmoja, John Wilson, alikisimulia kisa hicho, na kimerudiwa vitabuni tangu hapo kuonyesha kwamba watu wa aina yetu hatujui kutazama picha.

Ukumbi mzima ulicheka. Halafu mama mmoja wa mboga, anayeketi safu ya tatu kila mara, akauliza: "Na huyo kuku alikuwa wa nani?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi nikiwa kwenye cherehani. Mfugaji anamwona kuku kwa sababu kuku aliyefunguliwa mahali pasipofaa anakaribia kumletea hasara au ugomvi na jirani. Mimi naona kamba za vazi. Bwana afya anaona viluwiluwi vya mbu kwa sababu ndiyo kazi anayolipwa. Katika hao hakuna asiyejua kutazama. Kilichokosekana ni kwamba aliyeleta filamu aliuliza swali akiwa na jibu lake mfukoni, na jibu jingine lolote akalihesabu ujinga. Msomaji wenu wa juzi hana gari la sinema wala cheo serikalini, lakini hoja yake ni ileile ya bwana Sellers, imevishwa nguo mpya: watu hawa wapewe vitu rahisi.

Sasa nimweleze alichokikosa, maana jioni ile nina hakika hakuwepo.

Ilionyeshwa filamu ya Lemohang Jeremiah Mosese wa Lesotho, ya mwaka 2019, inayoitwa This Is Not a Burial, It's a Resurrection. Inasemwa kwa Kisotho. Mantoa, mjane wa miaka themanini, anamsubiri mwanawe arudi kutoka migodini Afrika Kusini, na badala yake inakuja habari ya kifo chake. Ameshawazika wote. Anaanza kupanga mazishi yake mwenyewe, na hapo kijiji kinaarifiwa kwamba litajengwa bwawa, wao wahamishwe, na bonde lote lifunikwe na maji, makaburi yakiwemo. Ni filamu ya polepole kwelikweli. Umbo lake ni karibu mraba, kwa hiyo pande mbili za skrini yangu zilibaki hazina kitu, na kuna waliofikiri projekta imeharibika. Kamera inaukalia uso wa yule bibi, aliyeigizwa na Mary Twala wa Afrika Kusini, hadi unaona haya kuendelea kumtazama. Mama Twala alifariki mwaka 2020, filamu ikiwa bado inazunguka duniani.

Mimi, bila shaka, niliangalia mavazi. Watu wa kijiji wamejifunga mablanketi mazito ya Kisotho yenye mistari, na wafanyakazi wa mradi wanakuja na suti za manjano zinazopiga kelele katikati ya milima ya kijani. Mantoa ana gauni jeusi la maombolezo. Anapolivaa na kucheza peke yake chumbani, kama vile kuna mtu amemshika mkono, niliona lilivyomkaa mabegani na nikajua halikukopwa dukani kwa ajili ya filamu tu. Kuna fundi alimpima yule mama.

Safu ya mbele alikuwepo dani mmoja, yaani bibi mzee kwa Dholuo, kutoka upande wa Nyando, ameletwa na mjukuu wake. Hasomi, na maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakipita chini ya picha hayakumhusu. Lakini kijana mmoja wa kikundi alikuwa na kipaza sauti, anafasiri kwa Kiswahili, na penye uzito anarudia kwa Dholuo. Filamu ilipokwisha, Mwalimu akauliza swali lake. Kimya. Dani akaomba asaidiwe kusimama.

Akasema mwaka 2020, ziwa lilipopanda na mito ikarudi nyuma, maji yaliingia bomani kwake na kufunika kaburi la mumewe. Kabla hayajafika, alichota udongo wa kaburi akautia katika mkebe wa mafuta ya kupikia, akaubeba kichwani hadi shuleni walikokimbilia. Watu walimcheka, alisema, wenzake walikuwa wamebeba magodoro. Mkebe bado anao. "Huyu mama wa Lesotho," akasema, "amejua mambo mengi, lakini la udongo hakulijua." Hakusema kama filamu ni nzuri au mbaya. Alimsahihisha Mantoa, mwanamke kwa mwanamke, akaketi.

Baada yake wakazungumza watu ambao hawajawahi kufungua mdomo pale. Mmoja ni wa Budalang'i, na habari za mto kuvunja kingo hakuna wa kumfundisha. Mwingine baba yake alizikwa Nakuru katika shamba ambalo baadaye liliuzwa, na sasa kuna ukuta, na mlinzi wa getini hamjui. Mlinda ukumbi alitikisa funguo, akazitikisa tena, mwishowe akaja naye akaketi.

Hiyo ndiyo jioni ya watu walioumizwa kichwa.

Nikubali hata hivyo kwamba barua ile ina mahali imegusa. Si kila filamu inayochaguliwa pale ni ya kutajwa. Ilikuwepo moja ya mwanamume anayetembea jangwani, saa nzima na zaidi, upepo unavuma, hasemi, hafiki. Nusu ya ukumbi waliondoka. Mimi nilisinzia, na muuza njugu mlangoni alifanya biashara nzuri kuliko siku zote. Na kuna kipindi zilifuatana filamu za mateso: njaa, vita, wizi wa watoto. Nilimwambia Mwalimu ana kwa ana kwamba nasi tunacheka wakati mwingine. Alijibu nimletee jina la filamu ya kuchekesha isiyo ya kipuuzi, naye ataitafuta. Hili ndilo jambo ninalolipenda katika mpango mzima: aliyechagua anajulikana. Husimama mbele dakika chache kabla ya filamu kuanza, anasema kwa nini ameileta, na ikituchosha tunajua wa kumlaumu. Simu yangu nayo ina maelfu ya filamu, na inanichagulia kutwa kucha, lakini siku inaponipotezea saa mbili sina pa kwenda kulalamika.

Mwezi uliofuata alituletea Who Killed Captain Alex?, ya Nabwana I.G.G. Huyu ni jirani yetu, yuko mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, na filamu hiyo aliitengeneza mwaka 2010 kwa pesa zinazosemekana hazikufika dola 200. Mapigano, helikopta za kompyuta, damu ya bandia, na juu ya yote sauti ya VJ Emmie anayetania filamu ikiendelea, anawazomea majambazi, anajisifu, anatutangazia kitakachotokea. Vijana waliokulia vibanda vya video vya Kondele na Nyalenda walijisikia wamerudi nyumbani. Waliolelewa na sauti ya DJ Afro, Mkenya anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hawahitaji kufunzwa kwamba filamu inaweza kuwa na mtu wa pili ndani yake, msimulizi anayekaa kati yako na picha. Ila mjadala uliofuata ndio ulionistaajabisha. Walibishana kama DJ Afro anafasiri filamu au anatengeneza nyingine juu yake, na kama mwenye filamu ya kwanza ana haki ya kununa.

Katika hilo nina msimamo wangu. Filamu ya kupigana, mpeni DJ aongeze chumvi anavyotaka. Filamu kama ya Mantoa inataka mfasiri anayejua kunyamaza. Yule kijana wetu mwanzoni alikuwa akijaza kila pengo, mtu akishusha pumzi yeye anatueleza ameshusha pumzi. Alijifunza. Jioni moja mvua ya hapa kwetu, ile isiyobisha hodi, ilianguka juu ya mabati katikati ya filamu, spika zikazidiwa, hatukusikia kitu. Akaanza kupaza sauti kufasiri maneno ambayo hata yeye hakuyasikia, anasoma maandishi tu. Kisha akakizima kipaza sauti. Tulitazama picha tupu mpaka mvua ilipopungua, na hakuna aliyeuliza kimesemwa nini.

Kuna nyingine fupi, Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, kama dakika ishirini hivi. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wamefungiwa ndani, jasho na mkojo wao husafishwa wayanywe tena, na mwanamke mmoja, Asha, anapata udongo unaootesha mbegu. Wazungu wanaiita filamu ya kisayansi ya kubuni. Mama mmoja wa Manyatta akauliza, kubuni gani? Yeye hununua maji kwa mtungi, anaweka ya kuoshea vyombo yaje kuoshea choo, na ziwa analiona kutoka mlangoni.

Sasa nije kwenye pesa, maana nashuku hiyo ndiyo sababu halisi ya barua ya juzi. Ukumbi ni wa umma. Vijana wetu wanatozwa bei ileile anayotozwa mwenye harusi ya mahema na keki ya ngazi tano, ilhali kiingilio chao ni shilingi hamsini, na wazee na watoto wa shule hawalipi. Kuna mtu ofisini, sitamtaja, aliwaambia wakishindwa waonyeshe mpira wa Uingereza, watajaza. Huenda ni kweli. Lakini mpira huo unaonyeshwa katika kila baa kutoka Mamboleo hadi Nyamasaria, na sijasikia kiti kimekosekana. Ninachoomba kwa wanaohusika katika kaunti ni kiwango cha pili cha kodi ya ukumbi, kiandikwe na kibandikwe mlangoni, kwa shughuli ambazo hazitafuti faida: filamu, kwaya, mashairi, hata madarasa ya ngumi. Kikishabandikwa, hakutakuwa na haja ya kumjua mtu ofisini.

Kuhusu vibali, watu waache kusema kwamba jioni zetu ni za kichochoroni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu ya kuonyeshwa hadharani ipitiwe kwanza na Bodi ya kuainisha filamu ya Kenya na ipangiwe umri wa watazamaji, na vijana wanafuata. Vilevile huwaandikia watengenezaji kuomba ruhusa. Wapo wanaotoa bure, wapo wanaotaka chochote, wapo wasiojibu, na wa hao wasiojibu filamu zao hatuzioni. Hilo nalitetea kwa moyo wote. Nikibuni mshono wa shingo leo, Jumatatu uko vibanda vinne pembeni yangu, najua inavyouma. Ningetamani tu Bodi iwarahisishie wenye kumbi ndogo, kwa mfano kwa kutoa orodha iliyo wazi ya filamu za Kenya zilizokwisha kupitiwa, ili mtu wa Luanda ya Vihiga au Webuye aanzie hapo bila kusafiri na faili.

Na kwa waandaaji wenyewe, kwa kuwa najua mtaisoma hii: anzeni saa kumi na mbili kamili, si "na nusu" inayogeuka kuwa saa mbili. Wanawake wa sokoni wanapanda tuktuk usiku, na nauli ikishafika saa nne si ile ya mchana. Wekeni feni moja upande wa viti vya nyuma, mbu wanatumaliza. Kiswahili kiongezwe, maana filamu nzuri za Kiswahili zipo. Na skrini ikunjwe kwa kuzungushwa kwenye bomba lake, isipigwe mikunjo kama shuka la hoteli. Mwezi jana nilikaa asubuhi nzima naipiga pasi, na ufa wa mkunjo mmoja haujatoka hadi leo, uko upande wa kushoto kwa juu, mtauona.

Mdogo wangu anayeishi Kaptembwo kule Nakuru ameniomba vipimo vya skrini, yeye na wenzake wa kanisani wanataka kujaribu. Nimempa. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, halitashindwa na kitambaa cha pazia. Mwingine yeyote akivitaka, nimeviandika hapo juu, na tafadhali Mhariri, ukiipunguza barua hii, aya hiyo usiiguse.

Msomaji wa juzi namkaribisha Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Itaonyeshwa Vuta N'kuvute, iliyotengenezwa na Amil Shivji wa Tanzania mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tunaijua. Ni Unguja ya miaka ya 1950, inasemwa kwa Kiswahili, hivyo kisingizio cha lugha hatakuwa nacho. Mimi nakwenda kuangalia magauni ya enzi hizo yalivyokatwa. Viti vya mbele huwa tunawaachia wazee, lakini safu ya tatu, karibu na mama wa mboga, nitamwekea kimoja. Kiingilio atalipa mwenyewe.

Fundi wa cherehani,
Soko la Kibuye, Kisumu